Mwalimu Susana Keraryo na Mtihani Uliokataa Kuimbwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mwalimu Susana Keraryo, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Ghati kwa jina la binti yake mkubwa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 kutoka Shule ya Urubani Ziwani, hapa Musoma. Ametumika kama mpiga chapa, kisha msaidizi wa darasa, na kwa muda mrefu zaidi kama mwalimu wa nadharia, yaani yale masomo ya darasani ambayo rubani lazima ayafanyie mtihani wa kuandika kabla hajakabidhiwa ndege. Tunamshukuru Mungu aliyempa afya ya kufika siku hii, na sauti ya kusikika kutoka darasani mpaka jikoni.

Nimeombwa niandike kwa ufupi. Waliniomba hivyo kwa sababu wananijua. Nitajitahidi, ila Mama Ghati naye siyo mtu wa kuandikwa kwa ufupi.

Alizaliwa Butiama, katika nyumba yenye mihogo mingi na ng'ombe wachache, akasoma huko huko mpaka kidato cha nne, halafu akaja mjini Musoma kujifunza kupiga chapa. Alipoajiriwa hapa mwaka 1999 kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga chapa maswali ya mazoezi. Enzi hizo maswali ya mtihani wa urubani yalikuwa yanajulikana. Yalizunguka kutoka shule moja kwenda nyingine, swali na majibu yake manne, A mpaka D, na siku ya mtihani ikifika unakuta ni yale yale, pengine yamepangwa tofauti kidogo. Mwanafunzi aliyekariri alifaulu. Aliyeelewa bila kukariri alipata tabu, maana alikaa kufikiri mpaka muda ukaisha.

Mama Ghati aliyapiga chapa maswali hayo mpaka yakamwingia vidoleni. Mwalimu wa nadharia wa wakati ule alipohama ghafla, mkuu wa shule alitazama huku na huku, asimwone mtu mwingine, akamwomba mpiga chapa ashike darasa kwa wiki moja. Wiki hiyo ndiyo inakwisha mwezi huu. Baadaye alifanya mitihani ya kumruhusu kufundisha na akafaulu yote, na mwenyewe hafichi alifauluje. "Nilikariri kila kitu," anasemaga, "mpaka na makosa yangu ya chapa."

Adui wa darasa lake alikuwa saa nane mchana. Wanafunzi wamekula ugali na sato, joto limepanda, madirisha yako wazi lakini upepo wa ziwani umeenda kwa watu wengine. Macho yanajifumba yenyewe. Sasa, Mama Ghati ni mwalimu wa kwaya tangu usichana wake. Siku moja alipogeuka kutoka ubaoni akakuta darasa zima limelala, hakugomba. Aligawa sauti. Wenye sauti ya kwanza aliwapa swali, wenye besi akawapa jibu.

"Hewa ikiwa ya moto, ndege itataka nini?" wanaimba hawa.

"Njia ndefu, njia ndefu, ni B," wanaitikia wale.

Darasa likaamka. Sisi wa jikoni tukaacha vyombo kwenye maji tukaenda kusimama mlangoni. Matokeo yalipotoka, wote walifaulu, na kuanzia hapo nyimbo ndizo zikawa masomo. Kulikuwa na wimbo wa mafuta, wimbo wa mawingu, wimbo wa dira, na mmoja mrefu sana wa sheria za anga ambao ulihitaji watu wapumzike katikati wanywe maji. Wanafunzi walianza kuja kutoka Mwanza na Shinyanga. Ukipita barabarani mchana ungedhani shule yetu inajiandaa na mkutano wa injili.

Mwanzoni alikopa tuni za kanisani, na hilo lilituponza. Jumapili moja mchungaji alitangaza wimbo wa matoleo, kinanda kikaanza, na benchi la nyuma, walipokaa wanafunzi wetu, likaingia kwa nguvu na ule wimbo wa mafuta ya ndege. Waumini waligeuka. Mchungaji, Mungu ambariki, alingoja mpaka wakamaliza ubeti, akasema kwa upole, "Haya, ndege imejaa. Sasa tumwimbie na Bwana." Mama Ghati aliomba msamaha pale pale baada ya ibada, na tangu siku hiyo akawa anatunga tuni zake mwenyewe. Wapo waliosema za kwake ni nzuri zaidi, lakini hayo tuyaache.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, mpaka taarifa ilipokuja kwamba mtihani unabadilika. Kapteni Bernado, mkuu wetu wa shule wa sasa, alitusomea wakati wa chai. Maswali hayatazunguka tena. Kila mtihani utakuwa na mapya. Mtahiniwa atapewa ndege fulani, uwanja fulani na hali fulani ya hewa, kisha aamue mwenyewe, na asipojua sababu hatajua jibu. Taarifa ilimalizia kwa kusema kwamba rubani akipata shida huko juu hatakuta A, B, C na D zimeandikwa mawinguni.

Sote tulimtazama Mama Ghati. Alikuwa anachovya andazi.

"Kapteni, hewa imebadilika?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Ndege zimebadilika?"

"Hapana."

"Basi nyimbo zinatosha." Akala andazi lake, na kikao kikaishia hapo.

Wanafunzi wake wakati huo walikuwa watatu, na inabidi niwatambulishe vizuri kwa sababu ndio walioyaona yote. Wa kwanza ni Robi, binti wa wafugaji wa Mugeta, mwembamba, mwenye sauti ya kwanza ya kupasua bati. Wa pili ni Amos, mtoto wa wavuvi wa Kisorya, besi nzito, mtu wa maneno machache na yote ya utani. Wa tatu ni Paschal wa Nyamuswa, aliyekuwa akiendesha bodaboda kabla kanisa lake halijamfadhili. Huyu ni mkubwa wa mwili, mpole wa moyo, na katika kuimba alijazia popote palipobaki nafasi. Tuliwasindikiza stendi kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani, na basi lilipoondoka bado tulikuwa tunaimba wimbo wa mawingu.

Yaliyotokea kule alitusimulia Paschal, ambaye hajui kudanganya. Chumba kiko kimya, kila mtu na kompyuta yake. Robi anasoma swali la kwanza, anatafuta tuni yake. Swali halina tuni. Anajaribu kuvuma kwa chini kidogo, labda litakuja. Amos, nyuma yake, anasikia mvumo, na kwa sababu ni besi na amefundishwa vizuri, anaitikia. Paschal naye akajazia. Msimamizi akawafikia akawauliza kama wanasali. Angekuwa mwingine angesema ndiyo.

"Hapana," akasema Paschal. "Tunatafuta jibu."

Wakatenganishwa, kila mmoja na kona yake. Na huko konani ndipo kila mmoja alipogundua kitu ambacho hakuna shule nyingine ingeweza kukigundua. Kwa kuwa kila siku waliimba kwa kugawana sauti, Robi alikuwa na maswali yote kichwani na majibu machache. Amos alikuwa na majibu yote na hakuna swali hata moja. Paschal alikuwa na viitikio.

Hawakufaulu hata mmoja. Mama Ghati aliwapokea getini. Robi alikuwa analia. Amos alivua kofia, akasema kwa heshima zote, "Mama, mimi majibu yote ninayo. Maswali ndiyo hayakuja."

Tulicheka, lazima niseme ukweli. Lakini tulinyamaza haraka, maana Kapteni Bernado alikuwa amesimama barazani na habari kutoka bodi ya shule. Bodi ilikuwa imeamua hivi: hawa watatu watarudia mtihani mara moja. Wakifaulu wawili kati yao, darasa letu litaendelea. Wasipofikia hapo, darasa la nadharia la Musoma litafungwa, wanafunzi watasomea mkoa mwingine na kuja kwetu kurusha ndege tu. Mama Ghati angerudishwa ofisini kupiga chapa, na siku hizi kila mtu anajipigia mwenyewe.

Mama Ghati alikwenda zake kwa miguu, na tulipomwona anapita kanisani akaingia, tulijua tumwache.

Asubuhi yake alifika mapema, akachukua kitambaa chenye maji, akafuta ubao wote. Ule wimbo mrefu wa sheria za anga ulikuwa umeandikwa pale kwa rangi, ilibidi ausugue. Watatu walipoingia aliwakalisha chini.

"Wanangu, nimewafundisha kuimba," akasema. "Mnaimba vizuri. Sasa niwaambie na jambo lingine. Yapo mengi ambayo mimi mwenyewe najua ni B, lakini sijui kwa nini ni B. Tutatafuta wote. Mkiniona najifanya najua, niulizeni kwa nini, na mimi nitawauliza ninyi."

"Hata ukikasirika, Mama?" akauliza Amos.

"Hasa nikikasirika."

Akaweka na sheria: atakayevuma tuni darasani ataosha ndege. Wa kwanza kukamatwa alikuwa yeye. Aliiosha ndege yote, mkia mpaka propela, kitenge amekikunja magotini, wanafunzi wake wamekaa kwenye majani wanakunywa chai na kumwonyesha mahali alipobakiza.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya raha kuliko yote niliyoiona hapa. Robi alitaka kujua kwa nini hewa ya moto inadai njia ndefu. Zamani lilikuwa ni la kuimba tu. Sasa Mama Ghati alimwomba Kapteni Bernado wapeleke ndege kwenye kiwanja chetu cha changarawe kule upande wa Bunda. Alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, Kapteni aliruka, na magurudumu yalipoachana na ardhi Paschal, aliyekuwa amesimama kando, alikimbia kwenda kuweka jiwe lililopakwa chokaa mahali pale. Saa saba mchana, ndege ile ile, mzigo ule ule, Kapteni yule yule ila sasa ana jasho, akaruka tena. Ndege ikapita jiwe la kwanza. Ikaendelea kukimbia. Paschal naye anakimbia kandokando, jiwe la pili kifuani, shati nje. Wachungaji waliokuwa na ng'ombe ng'ambo ya uzio walisimama wakatazama, na mmoja akapaza sauti kumuuliza Mama Ghati, "Huyo kijana ameachwa na ndege? Si angekuja mapema."

Walirudi kupima mwachano wa yale mawe mawili kwa macho. Hakuna aliyetegemea ungekuwa mkubwa vile. Robi akakaa juu ya jiwe la mchana, akafikiri kwa sauti: joto limeitawanya hewa, hewa imekuwa nyepesi, bawa halina cha kutosha cha kuegemea, na injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, kwa hiyo inachoka mapema. Kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi. Mama Ghati alikuwa ameimba jibu hilo maisha yake yote ya ualimu. Alimshika Robi mabega akasema, "Kumbe ndiyo maana." Aliyasema kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni asiyemtegemea.

Somo la mizigo lilifanyika Kisorya, kwenye mtumbwi wa baba mdogo wake Amos. Swali lilikuwa kwa nini ndege inakataliwa kupakiwa nzito nyuma hata kama uzito wote haujazidi. Mama Ghati alikaa katikati na kitenge chake cha kanisani, kwa sababu alikuwa amepanga kupitia kwenye maombi. Paschal aliambiwa akae mbele, kisha katikati, kisha asogee nyuma. Alipofika nyuma kabisa mtumbwi ulinyanyua pua kuangalia Ukerewe. Maji yakaanza kuingia kwa nyuma. Baba mdogo akapiga kasia kuunyoosha, mtumbwi haukumsikiliza.

"Mnaona?" akasema Mama Ghati. "Pua imeinuka, na mwenye kasia hana tena..." Hapo maji yakamfika kiunoni. "Nimeelewa. Nimeelewa jamani. Mtoeni Paschal."

"Nitokee wapi, Mama?" akauliza Paschal, kwa sababu kila upande ulikuwa ziwa.

Walitoka salama, ni pwani tu, maji ya mapajani. Mama Ghati alifika kwenye maombi amelowa, akatoa ushuhuda, na akina mama wa Kisorya mpaka leo wanaweza kukueleza kwa nini mzigo hauwekwi mkiani.

Mtihani wa marudio ulifika. Safari hii hatukuimba stendi. Mama Ghati aliwaombea kwa maneno machache, akawaambia, "Mkikuta swali hamlijui, msitafute jibu kwanza. Ulizeni kinachotokea ni nini." Basi likaondoka na sisi tukarudi kazini, kama inaweza kuitwa kazi. Nilitia chumvi kwenye chai siku ile na hakuna aliyegundua.

Matokeo yalitolewa kwa kila mtahiniwa mwenyewe. Wa kwanza kupiga simu alikuwa Robi. Alikuwa amefaulu masomo yote. Kulikuwa na swali la uwanja ambao hajawahi hata kuusikia, juu milimani, mchana wa jua kali. Alifumba macho akaliona jiwe linavyosogea. Tulipiga vigelegele mpaka mafundi wakatoka kwenye karakana na spana mkononi. Halafu Paschal akapiga. Amefaulu yote isipokuwa moja, sheria za anga, kwa sababu zile hazina mawe wala mtumbwi. Alikuwa anaomba radhi kwenye simu. Mama Ghati akamwambia, "Acha hiyo, baba. Kula, rudi nyumbani."

Basi akabaki Amos. Darasa letu lote lilikuwa limeninginia kwa Amos, na simu ya Amos ilikuwa imezimwa. Tulipiga jioni, tukapiga asubuhi, ile sauti ya mtandao ikatujibu mpaka tukaizoea. Kapteni Bernado alitembea kutoka karakana mpaka getini na kurudi, akisema anakagua majani. Mama Ghati aliingia darasani akakaa kwenye dawati la mwanafunzi. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa hivyo, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Aliniambia, "Dorah, kama tumelikosa darasa, tumelikosa tukiwa tunajua. Siyo kama mara ile."

Amos aliingia mchana kwa miguu yake, vumbi mpaka nyusi, moja kwa moja kutoka stendi. Simu iliishiwa chaji njiani na hakuona haja ya kuhangaika, eti alikuwa anakuja tu. Alisimama mlangoni, akavua kofia, uso mkavu kama wa mtu aliyeleta habari za msiba.

"Mama," akasema, "maswali yalikuja."

Hakuna aliyeelewa.

"Na majibu je?" akauliza Kapteni.

"Majibu nayo nikayapeleka. Yote yamepokelewa."

Mama Ghati alimrushia kitambaa cha ubao, kikampata usoni, kisha akamkumbatia na chaki yake yote. Darasa likabaki Musoma. Paschal naye alirudia lile somo moja baadaye akalifaulu. Leo Robi anafundisha nadharia hapa hapa, ndiye anayekabidhiwa darasa, na Amos na Paschal wanabeba wagonjwa na madaktari kwenda mahali ambapo barabara inakata tamaa.

Asije mtu akadhani Mama Ghati alizika nyimbo zote. Alizipanga upya. Alisema yapo ya kuelewa, na yapo machache ambayo lazima yatoke yenyewe: injini ikizima angani, mkono wa kwanza unaenda wapi, wa pili wapi. Hayo bado yanaimbwa. Mwaka juzi Paschal alikuwa juu ya Bunda injini ikaanza kukohoa. Alifanya kila hatua kwa mpangilio, ikatulia, akatua salama kwenye changarawe. Sisi tuliokuwa karibu na redio ya shule tulijua mapema kwamba atakuwa sawa, kwa sababu alikuwa ameshikilia kitufe cha redio bila kujua na tulimsikia anaimba sauti zote mbili, swali na jibu, bila kukosea.

Jumatano iliyopita alifundisha kipindi chake cha mwisho. Tulipamba darasa kwa maua ya bougainvillea na tukaandaa soda. Tulidhani atatoa mawaidha. Akafundisha hali ya hewa kama kawaida, hewa ya moto ni nyepesi, hewa ya moto hupanda. Akauliza kama kuna swali. Kijana mmoja mgeni darasani, Clever wa hapa mjini, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama hewa ya moto ndiyo inayopanda, mbona huko juu kuna baridi?"

Mama Ghati alifungua mdomo. Tukamwona anatafuta. Anajua baridi inaongezeka kiasi gani kadiri unavyopanda, tarakimu hiyo aliipiga chapa kabla Clever hajazaliwa. Akafunga mdomo. Akatazama chini, akatazama dirishani, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kuanzia tumboni, akashika meza.

"Sijui," akasema. "Miaka yote hii nawaambia juu kuna baridi, na sikuwahi kujiuliza. Nendeni mkatafute. Mniletee kesho."

Robi ndiye aliyesema, taratibu, "Mwalimu, kesho hauko."

Akasimama na chaki mkononi. Nadhani ndipo na yeye alipoingiwa na habari kwamba anastaafu. Akaiweka chaki kwenye kisahani chake, akajipangusa mikono. "Basi mniletee nyumbani," akasema. "Ila msije na maneno matupu. Nataka nione."

Jumamosi tulifunga safari kwenda Butiama, darasa zima na baadhi yetu wafanyakazi, kwenye msururu wa bodaboda. Mume wake, Mzee Evance, alikuwa anaanika mahindi, akatupisha uani. Salamu zilikuwa fupi. Clever aliomba bodaboda moja iletwe kivulini, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akamwomba Mama Ghati aweke kidole mbele ya valvu. Akaibonyeza. Upepo ukatoka kwa kasi.

"Ni wa baridi," akasema Mama Ghati. "Jamani, ni wa baridi kabisa. Na tairi lenyewe limetoka juani."

"Ndani ulikuwa umebanwa," akasema Clever. "Ukitoka unatanuka, na ukitanuka unapoa. Na hewa ikipanda ni hivyo hivyo, huko juu hakuna cha kuibana, inatanuka, inapoa yenyewe njiani. Inaondoka hapa na joto, inafika huko bila joto."

"Kumbe inajichosha na safari," akasema Mzee Evance kutoka kwenye mahindi.

Mama Ghati alikuwa amechuchumaa na yeye, kidole kwenye valvu, anasema tena, bado kidogo, tena, mpaka tairi likalala chini kabisa na mwenye bodaboda akashika kichwa.

"Mama, mimi nitarudije Musoma?"

Ikaletwa pampu ya mkono kwa jirani. Walipokezana kujaza, na zamu ya Mama Ghati ilipofika akaiachia pampu ghafla, akaigusa tena kwa uangalifu. Ilikuwa ya moto. Alitutazama mmoja mmoja, macho yanawaka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, akauliza, "Na hii je, kwa nini?" Hatukuondoka Butiama mpaka jua lilipokuwa limeshuka sana, kwa sababu hakukubali aondoke hata mmoja wetu kabla hajasema mwenyewe kwamba hewa ikibanwa hupata moto.

Mama Ghati, asante kwa sauti yako, kwa mikono yenye chaki, na kwa siku ile ulipokubali kufuta ubao. Asante Mzee Evance na familia kwa kutuazima mama yenu muda mrefu namna hii. Bwana akulinde huko nyumbani, akujalie miguu mizima, mvua ya kutosha shambani na wajukuu wasiochoka kukusumbua kwa maswali. Sisi wa Ziwani tunakuombea miaka mingi ya heri na kicheko, na bodaboda zetu zinajua njia.

Dorah Magige
Jikoni na stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Shule ya Urubani Ziwani